Muhuri wa Watu Saba

Birmingham
Jumapili, 21 Septemba 2025

Kwa Shangazi Brigid,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ile katiba iliyomng'oa Mzee Bethuel kwenye uenyekiti niliiandika mimi. Baba aliisoma mkutanoni kana kwamba ni yake, watu wakampigia makofi, nami nilikuwa nyuma karibu na birika la chai nikijifanya napanga vikombe.

Nakuandikia kwa barua pepe kwa sababu kwenye kikundi cha familia kila mtu anasoma kila kitu, na kwa Kiswahili kwa sababu ulisema Kiingereza niwaandikie wengine.

Umoja wetu wa Wakenya hapa Great Barr una familia kama hamsini. Kwa miaka kumi na mmoja mwenyekiti alikuwa Mzee Bethuel, dereva wa basi aliyestaafu. Aliamua kila kitu peke yake: nani aombe kabla ya chakula, harusi ya nani itangazwe, hata pilau isitiwe viazi. Ukiuliza, anakujibu, "Nimeshaamua, kaa chini." Nilimchukia kimya kimya, kama ninavyofanya mambo yangu yote.

Basi mwaka wangu wa mwisho shuleni tukafundishwa habari za Uswisi. Kule hakuna rais mmoja anayetawala. Kuna baraza la watu saba walio sawa, kiti cha rais wanapeana kwa zamu kila mwaka, na uamuzi ukishapita ni wa wote, hata aliyeupinga ndani hutoka nje akautetea. Wenzangu walikuwa wakichorachora madaftari. Mimi niliona ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kusoma. Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa nne kwa ajili ya Umoja, nikaziacha mezani mbele ya kiti cha Baba. Mwezi wa sita Mzee Bethuel akaondolewa, Baraza la Saba likachaguliwa, Baba akiwa mmoja wao.

Niliweka vifungu nilivyojivunia. Hakuna mtu anayetia sahihi peke yake: barua hutoka na muhuri wa Baraza tu, na muhuri haupigwi mpaka uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Hakuna anayesema nje nani alisema nini ndani. Mwenyekiti hubadilika kila mwezi. Na mjumbe akiondoka kabla mkutano haujafungwa, anahesabiwa hakuja kabisa. Mara tatu, anapoteza kiti.

Mimi wamenifanya katibu. Baba alisema, "Huyu hasemi, basi ataandika."

Sasa wameshakaa mara tatu, Shangazi, na naona haya. Kikao cha kwanza walijadili mwenyekiti wa mwezi akae wapi ili asionekane mkubwa. Cha pili wakaamua kununua meza ya duara kutoka mkahawa uliokuwa unafungwa. Cha tatu wakagundua meza haipiti kwenye ngazi. Chumba chetu kiko Hockley, juu ya karakana ya Bwana Inderjit anayetengeneza bangili. Alipanda akauliza, "Nani mkubwa hapa, nimwambie aiondoe mlangoni?" Wote saba wakatazamana. Meza bado iko chini, Bwana Inderjit anawekea vifaa vyake juu yake.

Ningecheka kama si Dada Jemima. Nadhani ulimwona kwenye picha za Pasaka. Anafanya kazi ya kutunza wazee, na kila Jumamosi kwa miaka sita amewapikia wazee wetu kumi na kuwapelekea chakula mlangoni. Kampuni iliyomwajiri ilifungwa, ruhusa yake ya kukaa ikakataliwa, amekata rufaa. Kesi ni tarehe kumi na tisa Novemba. Akishindwa, anarudishwa yeye na binti yake wa miaka mitano, aliyezaliwa hapa. Wakili wake anataka barua moja tu kutoka Umoja, kusema wanamjua na amefanya nini. Lazima imfikie kabla ya tarehe ishirini na saba Oktoba.

Mzee Bethuel angeiandika akingoja chai ipoe. Baraza langu limeiweka kwenye ajenda ya kikao kijacho.

Wako,
Cheryl


Kitale
Alhamisi, 25 Septemba 2025

Kwako mwanangu Cheryl,

Umeruka salamu ukaingia moja kwa moja kwenye kosa. Nimekusamehe kwa sababu kosa lenyewe ni tamu.

Nakuandikia hapa saiba kwa Njoroge, kwenye kompyuta za kulipia. Ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia nasoma habari za serikali.

Unajua kazi niliyoifanya. Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa kumbukumbu katika halmashauri ya hapa. Niliwaandikia wenyeviti wanne, na kamati ambazo sasa hata majina yake yamenitoka. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mwizi, wa pili mlevi, wa tatu alikuwa akisinzia, wa nne alikuwa msomi, naye ndiye aliyetutesa kuliko wote. Lakini nikuambie kitu. Ujinga wa mtu mmoja una nyumba, unajua mlango wa kugonga. Ujinga wa watu saba hauna hata kibanda. Utazunguka nao mtaa mzima, kila mmoja akuambie, "Hapa kwangu haulali."

Sisemi huyo Bethuel alikuwa mwema. Mtu anayekataza viazi kwenye pilau si mtu wa kuachiwa serikali. Nasema hao Waswisi wako huenda walizaliwa hivyo. Baba yako hakuzaliwa hivyo. Nimemlea. Ukimpa mayai mawili achague moja, ataomba ushauri mpaka yote yaoze, kisha aseme kuku ndiye mwenye makosa.

Mwambie Jemima asikate tamaa. Na wewe kula vizuri.

Shangazi yako,
Brigid


Birmingham
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa Shangazi Brigid,

Salamu nimezitanguliza safari hii. Namsalimia na Njoroge pia.

Vikao viwili vimepita juu ya barua ya Dada Jemima. Nakunakilia kutoka kwenye daftari langu, kwa sababu ukisikia tu hutaamini.

Rasimu yangu ilianza hivi: "Sisi, Baraza la Umoja, tunamfahamu Bi. Jemima kwa miaka sita." Ivan akanyoosha mkono. Ivan ndiye mwenyekiti wa mwezi huu. Amekuwa akisomea uhasibu tangu nikiwa darasa la nne.

"Hoja ya nidhamu," akasema. "Sisi ni nani? Mimi namfahamu miaka miwili. Nikisema sita nitakuwa nimedanganya."

"Mimi namfahamu sita," akasema Ubah. Ubah amekulia Eastleigh huko Kenya, akapitia Uholanzi, sasa ana duka la vitambaa. "Andika sita."

"Wewe si Baraza. Baraza ni sisi sote."

"Basi andika miwili."

"Huo pia ni uongo, kwa upande wako."

Kisha Baba, na inaniuma kuandika hivi, akasema, "Tuchukue wastani."

Shangazi, walichukua wastani. Watu wazima saba waliandika miaka yao kwenye vipande vya karatasi, Ivan akapiga hesabu kwenye simu, ikatoka miaka minne na miezi mitatu. Halafu mjumbe mmoja, nesi, akasema barua ikisema miaka minne na miezi mitatu, hakimu atauliza miezi mitatu hiyo ilianza lini. Wakaahirisha.

Kikao cha pili, cha jana, walijadili kama Jemima aitwe mwanachama, rafiki au dada. Mwingine akasema tukimwandikia huyu tutalazimika kuwaandikia wote. Ubah akachoka. "Wallahi nipeni karatasi nitie sahihi mwenyewe, nikamchukue mtoto madrasa."

"Huwezi kutia sahihi peke yako," Ivan akamwambia. "Huo ni udikteta. Soma katiba."

Alikuwa akinukuu sentensi yangu neno kwa neno. Niliinamisha kichwa.

Dada Jemima alikuwa nje kwenye ngazi muda wote, na chungu cha wali ndani ya kanga, kwa sababu anapita hapo akienda kuwapelekea wazee. Nilipotoka akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia wanaendelea. Akasema, "Mungu awabariki kwa kunifikiria." Kisha akashuka, akalizunguka lile limeza la duara kwa ubavu ili chungu kisigonge.

Ninawadharau, Shangazi. Sijawahi kulisema neno hilo juu ya watu wazima. Nilidhani ukimwondoa mtu mmoja mbaya, wema wa waliobaki utajitokeza wenyewe. Kilichojitokeza ni hofu tu.

Kikao cha mwisho kabla ya tarehe ya wakili ni Jumamosi hii inayokuja. Nakuuliza kama mtu wa kazi: mkutano ukisema maneno mengi usikubaliane lolote, karani anaandika nini?

Wako,
Cheryl


Kitale
Jumatano, 15 Oktoba 2025

Mwanangu Cheryl,

Swali zuri. Hakuna aliyewahi kuniuliza katika miaka ishirini na sita.

Wakubwa wakikutana hawajui wanachosema. Mmoja anazungumzia barabara, mwingine anamzungumzia mkwewe, wa tatu anajibu hoja ya wiki iliyopita. Ukiandika yote kama yalivyotoka, utakuwa umeandika kichaa. Karani mzuri haandiki walichosema. Anaandika kile mkutano ulichotaka kusema. Wakisomewa wiki ijayo hujiona wana akili, na wanakupenda.

Hilo ndilo somo lote. Mengine ni kuchonga penseli.

Njoroge anasalimia. Mvua imekataa.

Shangazi yako,
Brigid


Birmingham
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Kwa Shangazi,

Nimefanya ulivyonifundisha. Mkutano umekubali kwa kauli moja. Barua ina miaka sita na muhuri, na kesho asubuhi naipeleka mwenyewe kwa wakili kabla ya kwenda kazini. Baba hakuwepo mwishoni, alikuwa na zamu Tyseley.

Asante. Sitaandika mengi leo, mkono umechoka.

Cheryl


Birmingham
Jumapili, 2 Novemba 2025

Dada Brigid,

Samahani kwa kimya. Kazi ya kusafisha treni huko Tyseley haina mapumziko, na sasa nimeongezewa mzigo wa uongozi. Nataka usikie habari njema kutoka kwangu, si kwa Cheryl, ambaye kama unavyojua hasemi kitu; anaandika tu.

Baraza letu limemwandikia barua yule Jemima. Jambo lilikuwa gumu, sikufichi. Kulikuwa na wasiwasi, kulikuwa na hoja za kisheria. Tarehe kumi na nane tulikaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Katiba hainiruhusu kukuambia nani alisema nini, lakini wewe ni dada yangu na uko Kitale. Nilisimama. Nikasema, "Jamani, huyu mama ni wetu. Wastani wastani mpaka lini?" Uamuzi ukapita pale pale, kwa kauli moja.

Jana kumbukumbu zilisomwa, na hakuna hata mmoja aliyepinga neno. Ivan mwenyewe alisema anakumbuka vizuri. Ndiyo faida ya kuongoza kwa pamoja. Siku za Bethuel tungepewa amri tu.

Uzio wa shamba umefikia wapi?

Ndugu yako,
Kipchumba


Kitale
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Cheryl,

Leo sina salamu.

Baba yako ameniandikia kwamba tarehe kumi na nane saa kumi na mbili jioni alisimama kwenye mkutano wenu akaokoa roho ya Jemima. Tarehe kumi na nane ilikuwa Jumamosi. Nakumbuka kwa sababu alinipigia simu kuuliza habari za uzio wa shamba, na kwetu ilikuwa saa mbili za usiku, na nyuma yake nilisikia mtu akimfokea juu ya behewa, na wewe mwenyewe uliniandikia kwamba alikuwa na zamu. Saa mbili kwangu ni saa kumi na mbili kwenu. Kaka yangu hawezi kuwa na midomo miwili, ingawa amejaribu.

Kwa hiyo nakuuliza kama karani kwa karani. Ni nani aliyekuwa ndani ya chumba kile mkutano ulipokubali?

Niliposema uandike kile mkutano ulichotaka kusema, nilimaanisha mkutano ambao una watu.

Brigid


Birmingham
Jumapili, 14 Desemba 2025

Kwa Shangazi Brigid,

Nimechelewa kwa wiki sita, na najua unajua kwa nini. Nilitaka kwanza nijue mwisho wake.

Ulichokisia ni kweli. Siku ile walikuja wote saba. Saa tisa na nusu Ivan, mwenyekiti, akasema anaenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege, tuendelee. Manesi wawili wakafuata, wana zamu. Baba aliondoka saa kumi na moja. Kila mmoja aliinamia sikio langu akaninong'oneza, "Narudi sasa hivi," kwa sababu ya kile kifungu changu cha anayeondoka mapema. Ubah alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akasema, "Cheryl, hawa watu watamrudisha mtoto wa watu kwa ajili ya wastani." Kisha naye akaondoka. Hakuna aliyefunga mkutano. Kwa sheria mkutano ule uko wazi mpaka leo.

Nilikaa na daftari na muhuri. Nikajiuliza mkutano ule ulitaka kusema nini. Nikaandika: "Baada ya mjadala mrefu, Baraza limekubali kwa kauli moja." Nikapiga muhuri.

Nilidhani tarehe mosi Novemba nikisoma kumbukumbu nitaumbuka. Nilisoma kwa sauti ndogo, macho chini. Kila mmoja aliamini uamuzi ulipita baada ya yeye kutoka, na hakuna aliyeweza kuuliza bila kukiri kwamba alitoka. Ivan ndiye aliyetangulia. "Kumbukumbu ni sahihi. Nakumbuka vizuri sana." Baba akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyefanya kazi ngumu. Ubah alinitazama kwa muda, akasema, "Sahihi." Sijui kama anajua. Siwezi kumuuliza.

Hayo ningeweza kukuandikia zamani. Lakini wiki iliyofuata wakili akatuandikia tena. Barua ni nzuri, alisema, lakini haina jina la mtu. Anataka mtu mmoja wa Umoja asimame mbele ya hakimu tarehe kumi na tisa athibitishe yaliyoandikwa. Asipopatikana, barua haitakuwa na uzito.

Nilisoma ombi hilo mbele ya Baraza tarehe nane. Ungeona nyuso zao.

"Twende wote saba," akasema Ivan.

"Amesema mmoja," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungumza kikaoni, na hawakujua waangalie wapi.

"Lakini huyo mmoja akisimama atasema 'mimi'," akasema Baba. "Katiba yetu haina 'mimi'."

"Jumatano nina zamu," akasema nesi wa kwanza. Ikatokea kwamba wote wana zamu Jumatano, pamoja na Ivan, ambaye hana kazi. Ubah alisema angekwenda, lakini ana mzigo unaofika bandarini siku hiyo hiyo na lazima autolee ushuru mwenyewe. Nadhani ni kweli. Wakaamua wakutane tena Jumamosi inayofuata kumchagua mtu.

Jumamosi hiyo nilichemsha chai saa nane. Saa tisa nikaizima. Saa tisa na nusu nikafahamu kwamba kila mmoja amekaa nyumbani akiamini wale sita wengine wanatosha. Hakuja hata mmoja, Shangazi. Chini nilisikia Bwana Inderjit akigonga bangili zake. Dada Jemima akapanda na chungu chake, akachungulia, akaona viti vitupu. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Leo kuna maharagwe pia," akanipakulia sahani.

Nilikula. Kisha nikaandika: "Baraza limemteua kwa kauli moja Mzee Bethuel kuwa shahidi wa Umoja."

Nilimtafuta mtu ambaye anapenda kusimama, anayependa kusema "mimi", na asiye na zamu Jumatano. Tulikuwa naye mmoja tu, nami ndiye niliyemwondoa.

Nilimpelekea barua kwa miguu. Alifungua mlango akiwa na ndara na sweta ya kazi ya zamani. Akaisoma mara mbili.

"Wamekuja kunibembeleza," akasema. "Saba wazima."

"Ndiyo, Mzee."

"Nani alinipendekeza? Baba yako?"

"Siruhusiwi kusema, Mzee."

"Hakuwa Ivan. Ivan hata jina la mtaa wake hajui mpaka aulize." Akacheka mwenyewe. "Na kama nisingekubali wangefanyaje?"

"Wangeahirisha."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema, "Waambie nimeshaamua. Naenda."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda naye. Unajua kule dukani huwa nafungua maboksi ya dawa stoo ili nisizungumze na wateja. Nilimwandikia meneja ujumbe, sikuweza kumwambia kwa mdomo. Mahakamani nilikaa kiti cha nyuma. Dada Jemima alikuwa amevaa koti la kuazima. Binti yake alikuwa shuleni, hakuambiwa kitu.

Hakimu, mwanamke mwenye miwani, alimwuliza Mzee Bethuel kama barua ile ni yake.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Imeandikwa na watu saba ambao hawawezi kuchemsha yai bila kupiga kura. Lakini mke wangu alikufa miaka mitano iliyopita, na tangu wiki ile mwanamke huyu hajakosa mlangoni kwangu Jumamosi hata moja. Mara nyingine sikumfungulia, kwa sababu sikutaka kuonekana. Alikiacha chakula kizingitini akagonga dirisha ili nijue ni yeye. Mimi nilikuwa mwenyekiti miaka kumi na mmoja na sikuwahi kumshukuru hadharani. Hiyo barua haijasema hata nusu yake."

Nilikuwa sijui habari za dirisha. Nilimchukia mtu huyo miaka yote na sikujua kitu juu yake.

Uamuzi umetoka Alhamisi. Dada Jemima ameshinda rufaa. Anabaki, yeye na mtoto.

Jana kukawa na sherehe. Ivan alitoa hotuba ya dakika ishirini. Alisema, "Huu ndio ushahidi kwamba hatuhitaji mkubwa mmoja. Mikono saba imebeba mzigo." Baba alilia kidogo, naamini kabisa kwamba alilia kweli. Mzee Bethuel alikaa mbele akimweleza kila apitaye jinsi Baraza zima lilivyomwangukia miguuni, na wajumbe hawakumkanusha, kwa sababu kila mmoja anadhani wenzake ndio walioanguka. Dada Jemima aliwashukuru mmoja mmoja kwa majina. Aliponifikia mimi alisema, "Na wewe asante kwa chai."

Hapo ndipo pananiuma, na si kwa sababu nilitaka shukrani. Mzee Bethuel alikuwa akiamua peke yake, lakini akaweka jina lake chini, na alipokosea tulijua wa kumchukia. Mimi nimeamua peke yangu nikaweka majina ya watu saba. Nimewadharau kwa kujificha nyuma ya wenzao, na hakuna aliyejificha vizuri kama mimi. Mwalimu wangu angenipa maksi nzuri kwa insha yenye hoja hiyo. Sijui angenipa nini kwa kitendo chenyewe.

Na kuna la mwisho, ambalo nililiacha hadi hapa kwa sababu ni gumu zaidi. Hawaji tena. Tangu mwezi uliopita mambo yanajikamilisha, basi kila mmoja anaona Baraza linafanya kazi bila yeye, nao wanalisifu. Tarehe ishirini na tisa Novemba nilikaa peke yangu tena. Nimeandika kwamba limeza la duara apewe Bwana Inderjit, na kwamba wazee wapelekewe chakula na Jumatano pia, kwa zamu, wajumbe wenyewe wakiwa wa kwanza. Ratiba nimeshaituma, ina muhuri. Ivan ana zamu ya Jumatano hii. Amenijibu, "Sawa, kama tulivyokubaliana."

Nilijaribu kuona aibu, nikapata kidogo tu.

Ukinikaripia nitakusikiliza, wewe tu. Ila usimwambie mtu, Shangazi, hata Mama. Usiichapishe barua hii pale kwa Njoroge, na ukishaisoma uifute. Na Baba akikupigia simu kukusimulia jinsi Baraza lilivyoamua, msikilize mpaka mwisho, kisha umpongeze.

Wako,
Cheryl